Somo: Kompyuta Ikikosea Mishahara, Kosa Litafutwe Wapi?



Mwisho wa mwezi ukifika, mwenzetu wa kiwandani hapa Bujumbura, au wa shamba la chai kule Teza, anaweza kukuta siku zake zimepungua kwenye karatasi ya malipo. Akiuliza, huambiwa: "Kompyuta imekosea." Jibu hilo halitoshi. Kompyuta huhesabu kile ilichopewa, kwa amri ilizopewa. Kosa lina mahali lilipoanzia, na mahali hapo panatafutika.

Mishahara huhesabiwa kwa mafungu

Karani hukusanya kadi za idara nzima na kuziingiza kuwa fungu moja. Programu hulikagua fungu, kisha huliandika lote katika daftari la hesabu. Njia hii si mpya. Kampuni ya Lyons ya London, wauzaji wa chai na mikate, ilianza kuhesabu mishahara kwa kompyuta yake, LEO, mwaka 1954.

Makosa manne ya kawaida

1. Kadi iliyokataliwa. Nambari ya mfanyakazi haimo katika orodha. Programu nyingine husimamisha fungu zima. Nyingine huiweka kadi hiyo kando na kuendelea. Hapo wote hulipwa, mmoja akasahauliwa.

2. Tarakimu zilizopinduka. Kilo 63 za majani ya chai zimeandikwa 36. Tofauti ni 27. Tarakimu mbili jirani zikibadilishana nafasi, tofauti hugawanyika kwa 9 bila kubaki kitu. Ukiona hivyo, tafuta kosa la namna hii kwanza.

3. Fungu lililokatika. Umeme umezimika kazi ikiwa nusu. Programu nzuri hufuta nusu hiyo, nyingine huiacha. Karani akirudia fungu zima bila kuangalia lilikoishia, wengine huandikiwa mara mbili, mshahara na makato.

4. Mwezi uliofungwa. Kadi iliyochelewa hukataliwa. Ikibadilishwa tarehe ili ipite tu, siku na michango ya INSS huangukia mwezi usio wake.

Dawa: jumla tatu

Kabla ya kuingiza fungu, zijumlishwe kwa mkono: idadi ya kadi, siku zote za kazi, na nambari zote za wafanyakazi. Jumla ya tatu haina maana nyingine ila ukaguzi.

Tuchukue mfano. Kwa mkono tumepata kadi 40, siku 960, na nambari zikijumlishwa ni 16,480. Kompyuta inaonyesha kadi 39, siku 936, na 16,068. Toa: imekosekana kadi 1, siku 24, nambari 412. Basi aliyeachwa ni mfanyakazi nambari 412, mwenye siku 24. Kazi ya dakika chache imemrudishia mtu mshahara wake.

Wenzetu wa mbali

Mwaka 2016 serikali ya Canada ilianzisha mfumo wa mishahara uitwao Phoenix. Maelfu ya watumishi walipunjwa, walizidishiwa, au walikosa malipo kabisa. Vyama vyao havikukubali mashine iwe kisingizio. Mwaka 2020 chama cha PSAC kilifikia mapatano ya fidia na serikali.

Wajibu wetu

Kila mmoja aandike siku zake katika daftari dogo na atunze karatasi zote za malipo. Mjumbe wa wafanyakazi aombe kila mwezi jumla tatu na orodha ya kadi zilizokataliwa. Tusimwonee karani, mara nyingi naye ameachwa bila mafunzo. Mkataba nambari 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, unataka mfanyakazi aelezwe hesabu ya mshahara wake kila anapolipwa, ikiwa hesabu hiyo inaweza kubadilika. Na tukumbuke: mchango usioandikwa leo ni pensheni pungufu ya uzeeni. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kazini kwetu, nani hujumlisha kadi kabla hazijaingizwa?
2. Siku zimetofautiana kwa 18, lakini idadi ya kadi ni sawa. Tuanze kutafuta wapi?
3. Umeme ukizimika siku ya mishahara, karani aangalie nini kwanza?