Kutoka -ko hadi -mo: Kiswahili na Ubainishaji wa Mahali Pasipo na Barabara

Utangulizi

Mtu akiulizwa aliko mwenzake akajibu kuwa 'yuko msituni', huwa amesema kweli, lakini hajamfaa anayekwenda kumtafuta. Msitu ni mpana na hauna nambari za nyumba wala majina ya mitaa. Siku hizi pengo hilo huzibwa na rununu, ambayo huweza kukitaja kituo chochote duniani kwa majira-nukta, yaani tarakimu za latitudo na longitudo. Makala haya yanachunguza jinsi tarakimu hizo zinavyosomwa, zinavyotamkwa na zinavyofuatwa kwa Kiswahili. Mfano unaotumiwa ni mchezo wa jiokashi, ambapo mchezaji mmoja huficha kopo na kutangaza majira-nukta yake, na wengine hulisaka. Hoja ya makala ni kuwa Kiswahili kina nyenzo za kutosha kwa kazi hii, ila matumizi yake yana mianya inayoweza kumpoteza msikilizaji.

Asili ya mchezo

Hadi mwanzoni mwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi ishara za GPS zilizotumiwa na raia, hata kifaa kikaweza kukosea kwa kiasi cha mita 100. Tarehe 1 Mei 2000 Rais Bill Clinton alitangaza kukomeshwa kwa uvurugaji huo. Siku mbili baadaye, tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo ya plastiki karibu na Beavercreek katika jimbo la Oregon, akaitangaza mtandaoni kwa majira-nukta haya: digrii 45 dakika 17.460 Kaskazini, digrii 122 dakika 24.800 Magharibi. Ndani ya ndoo mlikuwa na daftari, penseli na vitu vidogo vya kuwatunuku waliofika. Haikuchukua siku nyingi kabla ya ndoo hiyo kupatikana.

Mahali pamoja, maandishi matatu

Kosa la kwanza la wasakaji wengi ni la usomaji. Majira-nukta huandikwa kwa njia tatu: digrii zenye desimali, digrii na dakika zenye desimali, au digrii, dakika na sekunde. Wachezaji wa jiokashi hupendelea njia ya pili. Programu nyingi za ramani huonyesha ya kwanza. Ili kuhamisha kutoka ya pili hadi ya kwanza, dakika hugawanywa kwa 60. Kwa mfano wa Ulmer, 17.460 kugawa kwa 60 ni 0.291, na 24.800 kugawa kwa 60 ni 0.41333. Kwa hiyo rununu huandikiwa 45.29100, -122.41333. Alama ya kutoa huwakilisha Magharibi. Kwa latitudo, huwakilisha Kusini.

Msakaji asiyegawanya, akaandika 45.17460, -122.24800, atapelekwa zaidi ya kilomita 18 kutoka ilikokuwa ndoo. Ramani haitamwonya, kwa kuwa tarakimu hizo nazo ni za mahali halisi. Kwa upande mwingine, dakika moja ya latitudo ni takriban mita 1,850, hivyo tarakimu ya tatu baada ya desimali ya dakika hubeba mita mbili hivi. Kuiacha tarakimu hiyo ni kuacha hatua kadhaa za miguu kichakani.

Utata wa 'nukta' na wa herufi mbili

Mwanya wa pili ni wa lugha yenyewe. Neno 'nukta' lina maana zaidi ya moja: ni kitone, ni alama ya desimali, na pia ni sekunde. Anayesikia kwa simu 'dakika kumi na saba nukta arobaini na sita' anaweza kuandika dakika 17.46, au dakika 17 na sekunde 46. Tofauti ya tafsiri hizo mbili ni sekunde 18.4 za latitudo, sawa na zaidi ya nusu kilomita. Inafaa basi neno 'sekunde' litumiwe kwa kipimo, 'nukta' iachiwe desimali, na tarakimu zinazoifuata zitamkwe moja moja: 'nukta nne sita sufuri'.

Mwanya wa tatu unahusu ufupisho. Kaskazini na Kusini huanza kwa K; Mashariki na Magharibi huanza kwa M. Majina haya yana historia njema: mawili ya kwanza yamefungamana na pepo za kaskazi na kusi zilizoongoza vyombo vya pwani, na mawili ya mwisho na mawio na machweo ya jua. Hata hivyo, yakifupishwa kwa herufi moja hayabainiki. Katika nchi ya mbali na Ikweta kosa hilo lingegunduliwa mara moja. Nchini Kenya, ambako Ikweta hukata katikati, pande zote mbili ni Kenya. Kilele cha Batian katika Mlima Kenya kiko takriban digrii 0 dakika 9 Kusini. Mpanda mlima aliyevunjika mguu huko, ujumbe wake ukiandikwa 'K' na kusomwa Kaskazini, atatafutwa kilomita 33 hivi kutoka alipolala. Vifupisho Kas., Kus., Mash. na Magh. huondoa hatari hiyo kwa herufi chache tu.

Hatua tatu za msakaji

Sarufi ya ngeli ya mahali inaweza kuwa mwongozo wa safari yenyewe. Kiambishi ku- huashiria mahali pasipo dhahiri, pa- mahali mahususi, na mu- ndani.

Katika hatua ya -ko, kopo liko msituni. Msakaji hupakua ramani ya eneo kabla ya kuondoka, kwa kuwa rununu hupokea ishara za setilaiti hata pasipo na mtandao, lakini picha ya ramani huenda isifunguke. Mwongozo wa gari humfikisha penye barabara iliyo karibu tu, na barabara hiyo huenda ikawa ng'ambo ya mto.

Katika hatua ya -po, kopo lipo shinani pa mti fulani. Hapa mwongozo wa barabara huachwa, na msakaji hufuata dira na umbali uliosalia. Panapo uwazi, rununu hukosea kwa takriban mita tano; chini ya miti mikubwa au kando ya majabali kosa huongezeka. Aliyeficha naye alikuwa na kosa lake, kwa hiyo ni busara kutulia, kusoma mara kadhaa na kulinganisha.

Katika hatua ya -mo, kopo limo shimoni. Tarakimu zimekwisha kazi. Rununu hutiwa mfukoni, macho na mikono vikaanza kazi. Anayelipata husaini daftari na kulirudisha palepale, kwani akilisogeza huwa amewadanganya watakaomfuata.

Hitimisho

Imedhihirika kuwa kumfikisha mtu mahali pasipo barabara ni kazi ya kifaa na ya lugha pia. Setilaiti zikisema kweli na msemaji akatamka ovyo, msakaji hupotea vilevile. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wana wajibu wa kusawazisha matumizi ya 'nukta' na vifupisho vya pande za dunia, na kuyafundisha darasani kwa mazoezi ya kutamka na kuandika. Wahenga walinena kuwa heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Katika majira-nukta, msemaji akijikwaa ulimi, anayeumia dole ni yule anayemtafuta.