Uchawi, uganga au usinga? Somo la msamiati kutoka kwenye mchezo

Mwaka huu wanafunzi wanne wa kitivo chetu tulitunga mchezo wa masimulizi. Mmoja ni msimulizi, wengine ni mashujaa, na dadu huamua pale penye shaka. Tulitaka safari moja iwakutanishe Mwindo wa Wanyanga, Lianja wa Wamongo na Liongo wa pwani. Mimi nilipewa kazi ya kuandika kanuni. Juu ya karatasi ya kila mhusika niliandika neno moja, UCHAWI, nikaweka alama: Mwindo 6, Liongo 5, Lianja 5.

Jioni ya kwanza mchezo ulikufa baada ya nusu saa. Mwenye alama nyingi alishinda, basi. Halafu mwenzetu mmoja aliisoma karatasi ya Mwindo, akasema: «Huyu mutoto, kama angezaliwa huku kwetu Makiso, wangemwita ndoki.» Hakuna aliyecheka. Sote tunawajua watoto waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo.

Nilirudi kwenye matini. Utendi wa Mwindo ulisimuliwa na Candi Rureke mwaka 1956, ukachapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969. Mtoto anazaliwa kupitia kidole cha kati cha mama yake, akiwa tayari anasema na kutembea. Baba yake, Shemwindo, aliyekuwa ameagiza wazaliwe wasichana tu, anajaribu kumuua, kisha anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Msimulizi yuko upande wa mtoto. Mimi, kwa neno moja, nilikuwa nimemweka upande wa baba.

Tutazame maneno yenyewe. Kiswahili na Kilingala, lugha mbili tunazozichanganya kila siku Kisangani, vina mashina matatu ya Kibantu yanayofaa hapa:

1. Kuloga, mlogi, kwa Kilingala ndoki. Shina hili lina mtendaji na mwathirika. Anayelitamka anashtaki.
2. Kuganga, mganga, uganga. Kwa Kilingala nganga, na monganga, ambaye leo ni daktari wa hospitali. Hapa kuna mgonjwa, ujuzi na malipo.
3. Mzimu, kuzimu, kwa Kilingala molimo. Hapa hakuna ufundi wa mtu. Ni uhusiano na walio upande wa pili.

Neno uchawi liko karibu na shina la kwanza. Tulilichagua kwa sababu tulikuwa tukifikiri kwa Kifaransa, ambamo neno «magie» hubeba mambo mengi pamoja, kisha tukatafuta kisawe kimoja. Kosa letu la tafsiri likawa kosa la kanuni.

Nguvu ya Mwindo haimo katika mashina hayo. Imo katika conga, usinga aliozaliwa nao, unaofanya kazi anapousemesha. Tena ina mipaka: anapoliua joka Kirimu, Nkuba, radi, aliyekuwa rafiki wa joka hilo, anampandisha mbinguni na kumwadhibu kwa baridi, mvua na jua. Nguvu ya Liongo ni mwili usiodhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Na alipotoka kifungoni, hakutumia nguvu hiyo: alitumia wimbo wa mafumbo, na mama yake akaelewa kwamba tupa ifichwe ndani ya mkate.

Kwa hiyo nilifuta alama. Sasa kila karatasi ina maswali matatu: Nguvu hii imetoka wapi? Inaamshwa kwa kitenzi gani? Nani anaweza kuizuia? Mifumo miwili inapokutana, hatulinganishi ukubwa, tunalinganisha majibu. Conga haiwezi kumwangusha Liongo mpaka mchezaji apate siri ya sindano, na siri hupatikana kwa maneno. Jioni ya pili tulicheza mpaka umeme ukakatika, tukaendelea kwa taa za simu.

Mtu atasema huu ni mchezo tu. Lakini Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inataja shtaka la uchawi miongoni mwa mateso ya watoto yaliyokatazwa, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inaliadhibu. Mtunga sheria aliona kwamba neno linaweza kumtoa mtoto nyumbani. Sisi wa kitivo cha lugha tunapaswa kuliona mapema zaidi.

Zoezi. Lianja alizaliwa pamoja na dada yake Nsongo, akalipiza kisasi cha baba yao aliyeuawa kwa sababu ya matunda ya safu. Jibu maswali matatu juu yake bila kutumia neno uchawi. Kisha muulize mzee wa kwenu, awe Mlokele, Mkumu au Mtopoke, ana kitenzi gani kwa nguvu ya namna hiyo. Kiandike pamoja na toni zake, kabla hujatafuta tafsiri.