Mgongo Usiosahau Mwanguko

SWALI: Bwana Tabibu, miezi 8 imepita tangu nilipoanguka na baiskeli yenye gunia la machungwa, na hadi leo baina ya makombe ya mabega pananiuma, hasa alfajiri. Nimeumikwa, nimekandwa, nimemeza vidonge. Je, ipo dawa? (Msomaji, Makorora, Tanga)

JIBU: Ndugu msomaji, maumivu yakishapita miezi 3 matabibu huyahesabu kuwa ya kudumu, na aghalabu jeraha lenyewe huwa limekwisha kupona, ila misuli iliyozoea kujikaza kwa hofu, na mishipa ya fahamu iliyozoea kupeleka habari ya maumivu, ndiyo iendeleayo kulalamika, kwa hiyo kitanda, ambacho wengi hukidhania tiba, ndicho kizidishacho madhila. Nenda Hospitali ya Bombo, na daktari akiona haja upigwe picha, usije ukasahauliwa mfupa uliopasuka, kisha uombe kuonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, maana hapo ndipo penye shifaa: simama mlangoni, egemeza mikono kwenye miimo, usogeze kifua mbele taratibu hadi kivutike, uhesabu hadi 20, mara tatu, asubuhi na jioni. Kitambaa cha maji moto hustarehesha, na kukandwa sikukatazi. Kuumikwa siwezi kukusifia. Ibuprofeni ni ya siku chache, wala haimfai mwenye vidonda vya tumbo au maradhi ya figo. Upasuaji ni nadra. Lakini miguu ikilegea, haja ndogo ikikushinda, au ukikonda na kutoka jasho usiku, usingoje: kifua kikuu nacho huingia katika uti wa mgongo.