Kijana, Jua Mizani Kabla ya Kisu

Biashara ya nyama nyekundu huanzia mnadani. Ng'ombe wa kilo 300 akichinjwa hutoa takriban kilo 150 za nyama na mifupa. Aliyekonda hutoa chini ya hapo. Ukimnunua kwa shilingi 60,000, kila kilo imekugharimu shilingi 400 kabla ya usafiri na ada ya kichinjio. Anayenunua kwa kukisia hula mtaji wake.

Kwa hivyo, kijana:

1. Jifunze kwanza kwa mchinjaji mzoefu. Ngozi iliyotobolewa hushuka bei.
2. Pata cheti cha afya. Hupimwa upya kila miezi 6.
3. Uza nyama yenye muhuri wa mkaguzi pekee.
4. Ukitaka kuendelea, chuo cha mafunzo ya nyama kiko Athi River.