"Good Riddance": Tulielewe Neno Kabla ya Kulitamka

Katika kikundi kimoja cha akina mama tulichotembelea, mwanachama mmoja alishindwa kulipa mkopo, akaacha kuja mkutanoni. Jina lake lilipofutwa daftarini, mwenzake akasema kwa Kiingereza, "Good riddance!" Wote wakacheka. Basi leo tujifunze neno hili.

MAANA. "Riddance" ni kule kuondokewa na kitu au mtu aliyekuwa mzigo. Likitanguliwa na "good", ni kama tunavyosema, "Afadhali ameenda, tumepumua!" Si kwaheri hiyo. Ni furaha, na mara nyingi ina dharau ndani yake.

ASILI. Linatokana na kitenzi "rid", ambacho Waingereza walikipata kutoka lugha ya zamani ya watu wa Skandinavia. Huko kilihusu kusafisha ardhi, yaani kufyeka miti na vichaka ili watu wapate pa kulima. Mwanzoni basi ilikuwa kazi ya shoka na jembe, si tusi. Lakini katika mchezo wa Shakespeare uitwao Troilus and Cressida, wa karibu mwaka 1602, mtu analitamka mara tu Thersites, mtukanaji, anapoondoka. Sasa kinachofyekwa ni binadamu!

KATIKA BIBLIA. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James, ya mwaka 1611, inalo neno "riddance" katika Walawi 23:22. Hapo Mungu anamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka pembeni akamaliza kabisa. Masazo ni ya maskini na mgeni. Yaani, hata shambani si kila kitu cha kusafishwa.

FUNZO. Takataka mtaroni tuziondoe. Chang'aa tuiondoe. Lakini mtu si kisiki. Tulipomtembelea yule mama nyumbani, tulikuta mtoto wake ametoka hospitalini juzi tu, na pesa zote zimeishia huko. Hakuna aliyekuwa amemuuliza. Wahenga walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Kile kicheko kilitosha.

MASWALI YA KUJADILI
1. Je, katika kikundi chetu ni nani ameondoka tukapumua? Tunajua sababu yake?
2. Tofauti ya kuondoa tatizo na kuondoa mtu ni nini?
3. Wiki hii nani ataenda kumjulia hali?