Gari lenye mzinga lisilo kifaru

SWALI: Katika picha ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia nimeona gari la Wamarekani lenye minyororo na mzinga, lakini maelezo yanasema si kifaru. Lilikuwa la kikosi gani?

JIBU: Huenda umeona M10. Tazama tena picha yako: chumba cha mzinga hakina paa. Askari waliona vizuri pande zote, ila mvua iliwanyeshea, na guruneti likirushwa kutoka dirisha la ghorofani lingetua miguuni mwao.

Gari hilo lilikuwa la vikosi maalumu vya kuwinda vifaru, vilivyoanzishwa mwishoni mwa 1941. Kila batalioni ilikuwa na mizinga 36: kombania tatu, kila moja na platuni tatu zenye mizinga minne minne. Kulikuwa pia na kombania ya upelelezi. Jenerali Lesley McNair alitaka batalioni hizo zikae nyuma kama akiba, na vifaru vya Wajerumani vikipenya, batalioni nzima ivikimbilie.

Kwenye makaratasi ilipendeza. Lakini kufikia 1944 Wajerumani hawakuja kwa makundi makubwa mara nyingi, na kamanda wa askari wa miguu hakutaka mzinga ulio maili kadhaa nyuma. Aliutaka ubavuni pake. Basi batalioni zikagawanywa vipande vipande, mizinga ikaishia kubomoa mahandaki na nyumba za mawe. Kwa maoni yangu, hapo ndipo ilipofaa zaidi.

Baada ya vita vikosi hivyo vilivunjwa vyote. Kuwinda vifaru kukaachiwa vifaru vyenyewe.