NGUVU ZA MIKONO NI AKIBA
Somo la afya kwa familia na vikundi



Somo letu safari hii ni juu ya mikono, mabega, kifua na mgongo. Pengine utasema, "Ah, hayo ni mambo ya vijana wa mjini wanaolipa pesa kwenda jimu." Hata mimi nilikuwa nikisema hivyo. Wacha nikueleze kilichonibadilisha.

Mama yangu alipatwa na kiharusi, akarudishwa nyumbani upande wake wa kulia ukiwa umelegea. Asubuhi ya kwanza nilitaka kumtoa kitandani nimketishe kitini apate uji. Nikamshika kwapani, nikavuta. Hakusogea. Nikavuta tena kwa nguvu, mgongo wangu ukauma, tukaanguka sote wawili kitandani. Mama akanitazama, akasema polepole, "Mwanangu, mwite jirani." Mimi niliyezunguka vijijini miaka mingi nikifundisha watu kujitegemea, nikatoka nje kumwita jirani aje amwinue mama yangu.

Kijana aliyekuwa akimfanyisha mama mazoezi ya viungo alinifundisha mambo mawili. La kwanza, mgonjwa wa kiharusi havutwi kwapani wala kwa mkono uliolegea, kwa maana bega linaweza kuumia vibaya. Kuna namna yake ya kumwinua, na kila anayeuguza mtu kama huyo aombe aonyeshwe hospitalini kabla ya kuja naye nyumbani. La pili alilisema akicheka: "Mama, mbinu nimekuonyesha, lakini hiyo mikono yako ni ya kushika kalamu. Itie nguvu." Nikamwuliza, "Daktari, pesa za jimu nitatoa wapi?" Akanijibu, "Kesho niletee chupa mbili za maji tu."

Hayo niliyojifunza kwa chupa mbili ndiyo nataka tujifunze pamoja.

KWA NINI NGUVU HUPUNGUA

Misuli ni kama shamba. Usipolilima, hurudi kuwa kichaka. Tukishapita miaka thelathini na kitu, mwili huanza kupoteza misuli kidogo kidogo, na baada ya sitini hupoteza kwa haraka zaidi. Mtu hahisi lolote mpaka siku anaposhindwa kufungua mkebe, kuteremsha sufuria, au kujishika asianguke bafuni.

Habari njema ni kwamba misuli haizeeki ikakataa kufundishwa. Mwaka 1990 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha habari za wazee kumi dhaifu waliokuwa wakiishi katika nyumba ya wazee, umri wao karibu miaka 90. Waliwafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki nane. Tisa walimaliza, na nguvu za miguu yao zilipanda zaidi ya mara mbili. Ikiwa mguu wa mzee wa miaka 90 unaweza kujifunza, mkono wa mtu wa miaka 45 utakataa vipi?

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya kutia misuli nguvu angalau siku mbili kwa wiki. Hayo ni mbali na kutembea na kazi nyingine za kuchangamsha mwili.

"LAKINI MIMI NALIMA NA KUCHOTA MAJI!"

Akina mama wengi huniuliza hivyo, na swali ni la haki. Anayelima na kubeba mtungi wa lita 20 anainua zaidi ya kilo 20, na huyo si mtu dhaifu. Shida ni kwamba kazi zetu huutumia mwili kwa njia ile ile kila siku. Tunainama mbele, tunabeba kwa upande mmoja, tunavuta jembe kuja kwetu. Mgongo wa juu na nyuma ya mabega huchoka kwa kunyooshwa, lakini hazipati nguvu sawasawa. Kama kazi yako ni ya jembe, huna haja ya kuongeza mzigo mwingine. Fanya zoezi la tatu na la tano katika haya yafuatayo, basi.

Lakini mwalimu, karani, dereva, fundi wa cherehani, mwenye kukaa dukani kutwa, na mzee aliyestaafu: ninyi fanyeni yote matano.

VIFAA

1. Chupa mbili za plastiki za nusu lita, na baadaye mbili za lita moja. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo hauhitaji mizani. Chupa ile ile ukiijaza mchanga mkavu huwa nzito karibu mara moja na nusu ya maji.
2. Kibuyu au mtungi mdogo wa lita tatu au tano wenye mkono wa kushikia.
3. Kiti imara kisichoyumba, na ukuta.
4. Tyubu kuukuu ya baiskeli. Mwulize fundi wa baiskeli, kwa kawaida anazo za kutupa. Kata sehemu yenye kipenyo cha kujazia upepo uitupe, pasua iliyobaki iwe ukanda mrefu, uioshe kwa sabuni. Kila siku kabla ya kuvuta, uitazame. Ikiwa na ufa, itupe, isije ikakatika na kukupiga usoni.

MAZOEZI MATANO

Kwanza pasha mwili moto kwa dakika tano. Tembea mahali pamoja, zungusha mabega mbele na nyuma, tikisa mikono.

La kwanza: Kusukuma ukuta. Simama mbali na ukuta kiasi cha urefu wa mkono. Weka viganja ukutani usawa wa kifua. Kunja viwiko mpaka pua ikaribie ukuta, kisha sukuma urudi. Mwili uwe umenyooka kama ubao, makalio yasibaki nyuma. Hili ni la kifua na nyuma ya mikono. Likiwa rahisi, tumia ukingo wa meza nzito, halafu sakafu ukiwa umepiga magoti. Vijana wanaoruka hadi pushapu za sakafuni siku ya kwanza ndio huacha siku ya tatu.

La pili: Kukunja mkono. Simama au keti, chupa mkononi, kiwiko karibu na ubavu. Inua chupa hadi karibu na bega, ishushe polepole. Usiibembeze kwa kutumia mgongo. Kushusha polepole ni nusu ya kazi.

La tatu: Kuvuta kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Weka mkono wa kushoto juu ya kiti, inama kutoka kiunoni mgongo ukiwa umenyooka. Kwa mkono wa kulia shika mtungi mdogo, uuvute mpaka karibu na kiuno, kiwiko kikienda nyuma. Ushushe. Kisha badilisha upande. Hili ni la mgongo, na ndilo lililonisaidia zaidi na mama.

La nne: Kuinua juu. Keti wima. Chupa ziwe usawa wa mabega, zisukume juu mpaka mikono karibu inyooke, kisha zirudishe. Anayeumwa na bega aliache hili mpaka aonane na mtaalamu.

La tano: Kutanua mpira. Shika ukanda wa tyubu mbele ya kifua, mikono ikiwa mbele yako. Utanue kwa kwenda kando mpaka uhisi mifupa ya mabega nyuma inakaribiana. Hesabu moja, mbili, rudisha polepole. Hili hurekebisha kibiongo cha kuinamia dawati na simu.

KIASI GANI?

Kila zoezi fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia tena. Jumla ni kama dakika 20. Fanya siku mbili au tatu kwa wiki, na kati ya siku na siku uache moja ya mapumziko, kwa sababu misuli hujengeka ikipumzika. Mara mbili za mwisho ziwe ngumu kidogo. Zikiwa ngumu mno hata mwili unapinda, punguza maji. Ukifika 12 bila shida kwa wiki mbili, ongeza maji. Haba na haba hujaza kibaba.

Pia usisahau sahani. Misuli hujengwa na maharagwe, ndengu, omena, mayai na maziwa. Mazoezi juu ya chai na mkate mtupu ni kujenga nyumba bila matofali.

TAHADHARI

Usizuie pumzi. Toa pumzi unapoinua, vuta unaposhusha. Hili ni muhimu zaidi kwa mwenye shinikizo la damu. Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyefanyiwa upasuaji karibuni, mja mzito, na aliyewahi kupata kiharusi aulize kliniki kwanza. Ukisikia maumivu ya kifua, kizunguzungu, au maumivu makali ya kiungo, acha mara moja utafute matibabu. Misuli kuuma kidogo siku ya pili ni jambo la kawaida.

MANENO YA KURUDISHA NYUMA

"Mwanamke akiinua uzito atakuwa na mikono kama mwanamume." Si kweli. Homoni ya kujenga misuli mikubwa ni kidogo sana kwa wanawake. Utapata mkono ulioshikamana na wenye nguvu.

"Nikifanya ya mikono, mafuta ya mikono yataisha." Mwili hauchomi mafuta mahali pale unapopafanyisha kazi tu. Mafuta hupungua mwili mzima, kwa chakula cha kiasi na kutembea.

"Nimechelewa." Kumbuka wale wazee wa Boston.

Mwezi wa kwanza sikuona kitu, nikakaribia kuacha. Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nilimweka mama sawa kama nilivyofundishwa, nikahesabu moja, mbili, tatu, akainuka akaketi. Hakusema neno juu yake, aliomba uji tu. Jirani bado anakuja, lakini sasa anakuja kunywa chai.

Akiba haiozi. Weka ya mikono yako leo, ukiwa bado hujamwinua mtu yeyote, kwa sababu hatujui ni nani atakayetuhitaji kesho, au kama tutakuwa sisi wenyewe.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Ni kazi gani nyumbani ambayo miaka kumi iliyopita uliifanya peke yako na leo unahitaji msaada?
2. Nani katika mtaa wetu anauguza mgonjwa wa kitandani peke yake? Tutamsaidiaje kwa zamu?
3. Je, tunaweza kutenga dakika 20 kabla ya mkutano wetu, kila mtu aje na chupa zake mbili?